Siku Mama Alipopanda Kibaiskeli cha Maji

Watu wakinisikia nasema nilikuwa nahodha wa mashua Maskati, hunitazama mara mbili. Bahari ipo, sikatai, naiona kila nikipita na gari, lakini huko sikuingia na chombo hata siku moja. Mashua zangu mimi zilikuwa za mferejini, ndani ya bustani, zina pedeli za kupiga kwa miguu, na sisi nyumbani tukiziita vibaiskeli vya maji.

Mfereji wenyewe ulichimbwa tu na watu wa bustani. Ulitoka kwenye ziwa dogo, ukapita chini ya daraja la mbao, ukazunguka nyuma ya miti ambako yaliota matete, ukarudi pale pale ulipoanzia. Maji yake yalikuwa ya kijani na hayakufika kiunoni. Mjomba wetu mmoja wa Nizwa, mtu aliyekulia kwenye zamu za maji ya falaji, ile mifereji ya kumwagilia mashamba, tulimpeleka siku moja akauone. Akasimama ukingoni, akauliza maji haya yanamwagilia mitende ya nani. Tukamwambia hayamwagilii kitu, ni ya kupandia mashua tu. Akatikisa kichwa, akasema basi maji haya yamekosa kazi, akaenda kukaa kivulini.

Sisi tukenda siku za wanawake. Siku hizo wanaume wote hutolewa, hata wafanyakazi wa mashua, na penye gati hukaa mlinzi mwanamke na filimbi yake. Mama yangu mdogo, yaani mdogo wake mama, akija na gari kutoka kwake Wattaya kutuchukua mimi na mama nyumbani kwetu Ruwi, anaendesha kama anafukuzwa. Nyuma ya gari tunapakia jamvi, chupa ya chai ya tangawizi, sambusa, katlesi, na kanga za kutosha. Kanga ndiyo zana kubwa ya mashua ile. Mara ya kwanza tulipanda na abaya zetu hivi hivi, tukajiona mabibi, na hatukufika hata darajani, pindo la mama mdogo likameza pedeli. Akawa hawezi kunyanyua mguu wala kuushusha. Nikapiga pedeli peke yangu mzunguko mzima, yeye kakaa pembeni kama mgonjwa anapelekwa hospitali, na njia nzima ananilaumu. Tokea siku hiyo tukajifunza kupandisha abaya na kujifunga kanga kiunoni, imara, kama tunakwenda kupika harusini.

Wallahi nilikuwa na raha mferejini mle. Wiki nzima nimekaa ofisini Ruwi nawakatia watu tiketi za ndege, wao wanakwenda Bombay, wanakwenda London, mimi nabaki na stempu. Nikishapanda kibaiskeli changu, nami nimesafiri. Miguu inafanya kazi, upepo unaingia chini ya mtandio, mama mdogo anasengenya watu mimi nacheka mpaka nashindwa kupiga pedeli. Mashua ile ilikuwa na viti viwili mbele, na katikati yao kijiti cha usukani. Ukikivuta kulia inakwenda kulia, ukikivuta kushoto inafikiri kwanza.

Tabu yake ilikuwa moja, salamu. Bustani nzima siku hiyo imejaa watu wetu, na mtu wa kwetu hapiti mbele ya mtu akasema hujambo akaenda zake. Mashua mbili zikikutana pale njia inapobana, basi zinasimama. Wazima? Alhamdulillahi. Na watoto? Na mama? Na mguu wa bibi? Na yule wa Dubai kesha jifungua? Nyuma inakuja mashua ya tatu, nayo ina jamaa, inaingia katika khabari. Inakuja ya nne. Mara mfereji umezibwa kama bomba, watoto wa nyuma wanalia, mlinzi anapuliza filimbi mpaka mashavu yanavimba, na hakuna anayesogea kwa sababu bado hatujaulizana khabari za Unguja.

Mama yangu yeye hakupanda. Alikaa juu ya jamvi na chupa yake ya chai na kutukosoa. Mnakwenda mrama. Nyanyueni vichwa. Hivyo ndivyo mnavyopiga? Ukimsikia ungedhani kazaliwa juu ya ngalawa. Kila aliyekaa karibu naye, mama alimwambia kwamba sisi watu wa kisiwani bwana, maji tumezoeana nayo. Mama mdogo, aliyelelewa naye nyumba moja, akiniambia pembeni kwamba dada yake huyo hata Forodhani alikuwa akikaa kuipa bahari mgongo. Lakini mbele yake hakusema, nani anataka ugomvi na mkono unaogawa sambusa.

Basi miaka ya elfu mbili ilipoanza, nikaposwa.

Kijana mwenyewe nilimjua. Alikuwa anafanya kazi kwenye duka la magari pale Wattaya, na mama mdogo aliponunua gari lake nilikwenda naye. Tulikwenda kununua gari moja, mimi nikawa naona haja ya kurudi kuuliza habari za taa, habari za tairi, habari za mafuta. Alizungumza Kiswahili cha bara, taratibu, kila neno limevaa viatu. Nilimpenda, nasema wazi, umri huu simuogopi mtu.

Kwao ni watu wa Kigoma. Waomani kama sisi, na ukichimba utakuta babu yao na babu yetu wametoka bonde moja. Huyu wetu akashuka Unguja akaona panamtosha, yule wao akaendelea na safari. Lakini mama alipoletewa posa alivuta pumzi, akasema tutafikiri. Ramadhani ikaja, tukafikiri. Idi zote mbili zikapita, tunafikiri. Nikimuuliza, ananiambia hatuwajui hawa, watu wa bara hawa, wanasema kwa sauti, watakupikisha ugali. Nikamwambia nitapika ugali. Akasema na sisi tutaula? Akaingia jikoni, na maneno yameishia hapo.

Nilikonda. Baba kesha fariki, walii wangu wa kuniozesha ni kaka yangu aliyekuwa Sohar, naye alisema mama akikubali yeye kesho yuko kwa kadhi, na mama asipokubali tusimsumbue. Kwao kijana nako walianza kuchoka. Alinipigia simu ofisini akaniambia kwamba wajomba zake wameanza kumtaja binti wa kwao, na mama yake anawazuia, lakini hatoweza kuwazuia milele. Nilikata tiketi tatu za watu siku ile, zote nikakosea tarehe.

Ndipo mama mdogo akafanya ujanja wake. Mama wa kijana akija nyumbani kwetu, hiyo ni ziara, na ziara ina maana yake, watu watasema tumekubali. Mama akenda kwake, vibaya zaidi. Lakini bustani ni ya serikali. Watu wawili wakikutana bustanini siku ya wanawake, wamekutana tu. Akampigia simu bibi yule wa Kigoma, akamwambia sisi tutakuwa karibu na mfereji saa fulani, na yeye kama kwa bahati atapita hapo.

Akapita kwa bahati, na kikapu chake mkononi. Mwanamke mpana, mrefu, anacheka kabla hujamaliza kusema. Mama akamkaribisha jamvini kwa adabu zote, adabu ile ambayo mimi mwanawe naijua, baridi kuliko friza. Bibi akatoa karanga za kukaanga na maandazi, mama akachukua andazi moja, akalisifu, akaliweka. Wakaulizana khabari mpaka khabari zikaisha. Mimi nimekaa pembeni, nashika vikombe visivyohitaji kushikwa.

Bibi akatazama mashua zinavyopita, akasema kwao Kigoma alikuwa akipanda mitumbwi ziwani alipokuwa msichana, ana hamu ya maji. Mama, ulimi ukamtangulia, akasema na sisi je, watu wa kisiwani, maji ndiyo ujirani wetu. Bibi akasimama, akakung'uta abaya yake.

"Basi twende, dada yangu. Wewe na mimi."

Nilimuona mama rangi inamruka. Akatazama mfereji, akamtazama mdogo wake, na mdogo wake akawa anahesabu sambusa. Kusema hapana asingeweza, kesha jisifu, na mbele ya watu wa bara. Akasimama. Bibi nikampa kanga ajifunge, na mama nikamfunga mwenyewe kiunoni, akaninong'oneza kwamba mambo haya yote ni yangu na nitamlipa.

Penye gati adabu zikaanza. Tangulia weye, bibi. Hapana, tangulia wewe, dada. Weye mgeni. Wewe mkubwa. Mlinzi akawatazama, akaona jua litakuchwa hapo, akawashika mikono wote wawili akawaingiza pamoja. Wakakaa. Sasa usukani. Mama akauonesha kwa kiganja, shika weye. Bibi akaondoa mkono wake, hata, shika wewe. Wakaanza kupiga pedeli huku bado wanaombana radhi, na mashua ikaondoka haina mwenyewe. Mfereji pale mwanzo umenyooka, ikapita vizuri tu chini ya daraja. Ikapotea nyuma ya miti.

Tukangoja. Mzunguko ule hauzidi robo saa hata ukenda kivivu. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita. Nikainama nikaona, katikati ya majani, kipande cha mashua kimetulia na vichwa viwili vimekaribiana. Mama mdogo akanikamata mkono nisiende. Akasema tazama wanavyoelewana, wamesimamisha mashua wazungumze, usiende kuwakatiza. Nami nikaona kweli, nikakaa. Watu wengine waliotujua walipita na mashua zao, nao wakaona wazee wawili wana mazungumzo, wakapita kimya kimya upande wa pili, hata salamu hawakutoa. Siku hiyo tu, katika miaka yote ile, watu wetu walipita mahali bila ya kusalimiana.

Kumbe wamekwama. Palipo na kona hakuna aliyeshika usukani, mashua ikaenda moja kwa moja ndani ya matete. Kila wakipiga pedeli inazidi kuingia, mpaka majani yakajisokota kwenye gurudumu lake likakataa kuzunguka. Kushuka wangeweza, maji ya mapajani, lakini nani ashuke katika tope mbele ya mtu anayetaka kuwa mkwe. Kupiga kelele ndiyo kabisa, mwanamke wa heshima apige ukelele bustanini? Wakakaa, kila mmoja anangoja mwenzake aseme kwamba wamepata ajali.

Mlinzi alipoanza kupuliza filimbi ya kurudisha mashua ndipo roho yangu ikashtuka. Tukachukua mashua, mimi na mama mdogo, tukapiga pedeli. Tulipofika kwenye kona tukasikia sauti ya mama nyuma ya matete, na haikuwa sauti yake ya adabu. Mama mdogo akainua kidole, akaacha pedeli, mashua ikateleza yenyewe ikasimama.

"Bibi, miye nna khofu na maji," mama alikuwa akisema. "Tokea mtoto."

"Nilijua tangu unapanda. Umenishika kidole mpaka sasa hakina damu."

Wakacheka. Sijapata kumsikia mama akicheka vile na mtu asiyekuwa ndugu yake. Kisha mama akasema na tena si maji peke yake. Akamueleza kwamba wanawe wote wamekwisha toka, huyu Sohar, yule Dubai, baba yao yuko kaburini, na aliyebaki naye ndani ya nyumba ni mimi.

"Usiku nikiamka namsikia anakohoa, najua nna mtu. Mwanao ana kiwanja Mabela. Mabela, bibi, mchanga mtupu! Akishampeleka huko, miye nitazungumza na friji."

Nilikaa juu ya kiti kile cha plastiki nikahisi nimepigwa kofi. Miezi yote ile, watu wa bara, watu wa bara, ugali, sauti, na kumbe hilo ndilo. Nilitaka kumgombeza na nilitaka kumkumbatia, sikujua nianze na lipi.

Bibi wa Kigoma akajigeuza kitini. Tulisikia matete yanasuguana.

"Mimi nina wa kiume watano, dada," akasema. "Kwangu hata pa kuweka mguu hapana. Mchukue huyu."

"Nimchukue vipi?"

"Akae kwako Ruwi. Hicho kiwanja watajenga kaka zake."

Mama akamwambia usiseme hivyo bibi, watu watakucheka, mtoto wa kiume kwenda kukaa kwa mama mkwe, watasema umemtoa sadaka. Na ni kweli, wangesema. Kwetu mwanamke ndiye anayehama, na mwanamume anayemfuata mke kwao hutafutiwa jina baya kabla hajafungua sanduku lake. Wa kwanza kusutwa ni mama aliyemzaa.

"Waache waseme. Mimi nitajua nimempeleka kwa nani."

Nikangoja mama atasema nini, nikangoja, na hapo mashua yetu, ambayo hakuna aliyekuwa akiiangalia, ikasogea na upepo ikawagonga ubavuni. Mama akageuka. Akaniona, akamuona mdogo wake, na uso wake ukarudi kuwa uso wa kwenye jamvi.

"Mlikuwa wapi? Watu wanaota mizizi hapa."

Tukavua kanga zetu zote nne, tukazifunga fundo kwa fundo, upande mmoja kwenye mashua yao, upande mwengine kwenye yetu. Mama mdogo akapiga pedeli kama gari lake, miye nikafuata, matete yakalia, na mashua ya wazee ikang'oka ikaja nyuma yetu kama ng'ombe asiyetaka kwenda sokoni. Usukani wao bado hakuna aliyeushika. Ikawa inagonga ukingo huu, inagonga ule. Wanawake waliobaki mferejini wakasimamisha mashua zao kututazama, wengine wakapiga vigelegele bila ya kujua sababu, na mlinzi kwa mara ya kwanza akaitoa filimbi mdomoni akacheka.

Lakini miye sikuwa na kicheko. Nilikuwa na masikio tu. Nyuma yangu kimya. Tukarudi kwa njia tuliyojia, tukapita chini ya daraja, tukainamisha vichwa. Nikawa nasema moyoni kwamba tukifika gatini kabla hajasema kitu, basi hatosema tena. Atatia chai, atasifu maandazi, wataagana kwa adabu, na wajomba wa kijana watakuwa wameshinda. Nikapunguza miguu. Mama mdogo akanitazama, akafahamu, naye akapunguza. Mashua zikawa zinakwenda kwa pole pole kabisa, gati lile pale mbele, naweza kuhesabu mbao zake.

Nikamsikia mama anakohoa, kama anavyokohoa akitaka kuuliza bei ya kitambaa.

"Huyo mwanao," akasema, "asubuhi anakula nini?"

Suali hilo mama yangu hamuulizi mgeni. Mgeni anapikiwa chakula cha mchana, anashukuru, anakwenda kwao. Asubuhi ni ya mtu aliyelala ndani ya nyumba, anayetoka chumbani na macho ya usingizi, anauliza kuna nini leo. Mama mdogo akaacha pedeli kabisa.

"Mayai hali," bibi akajibu, na sauti yake nayo imebadilika. "Mengine yote anakula."

"Mayai hali?" Mama akafikiri. "Haidhuru. Nitampikia mkate wa kumimina."